Nitajuaje kama mwanangu anafahamu kwamba yeye ndiye aliyefanya?

MamaNgamiani ameuliza:

Assalaam aleikum na habari za leo wapendwa. Nipo Tanga. Nina mtoto wa kiume, umri miaka 4. Alizaliwa amechoka, hakulia, tukakaa wodi ya watoto wachanga muda mrefu kabla ya kuruhusiwa. Baadaye ndipo tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Hakai mpaka ashikiliwe, shingo ndiyo kwanza inaanza kukaza, hasemi, na macho yake hujui kama yanakutazama wewe au ukuta ulio nyuma yako. Degedege ilikuwa ikimsumbua sana, sasa anatumia dawa na imepungua.

Jambo linaloninyima raha ni kwamba kila ninapompeleka naulizwa, "Anaelewa?" Nami sina jibu. Mahali pamoja niliambiwa, yeye mwenyewe akiwa mapajani mwangu, kwamba akili yake ni ya kichanga, hivyo kumfundisha ni kujichosha bure. Sikulala siku ile.

Sasa naomba niwaeleze ninayoyaona nyumbani, mnisaidie kuyasoma.

La kwanza. Namlaza kwenye mkeka nikiwa nachoma maandazi. Siku hiyo sinia la bati lilikuwa karibu na miguu yake, akalipiga teke, likalia. Akanyamaza kimya, mwili wote ukasimama, hakurudia. Baba yake akasema angekuwa anaelewa kwamba yeye ndiye kaliliza, angeendelea kupiga.

La pili. Shangazi yake alimletea gari la betri. Juu lina kitufe, ukibonyeza linalia na kuwaka taa. Haligusi. Nikimshika mkono nikambonyezesha, anauvuta kwa nguvu.

La tatu. Nikifunua mfuniko wa ndoo ya maji ya kuoga, akisikia tu ule mlio, ananyoosha miguu na kutoa sauti ya furaha kabla maji hayajamgusa.

Je, anajua kwamba akifanya hiki hutokea kile? Au ni viungo tu vinajirusha kwa sababu ya maradhi? Na kama hajui, nifanye nini hapa nyumbani? Fedha za vifaa vya dukani sina.

BabaMapacha amejibu:

Pole sana dada. Mimi si mtaalamu, ila binamu yangu ana mtoto kama huyo, wakamnunulia tableti ya bei nafuu. Kuna michezo ambayo mtoto akigusa tu kioo, rangi zinatawanyika na muziki unapiga. Ukikosa, hata simu yako muwekee katuni, watoto hawa wanachangamka sana wakiona rangi.

MwalimuWaKitengo amejibu:

Waaleikum salaam dada wa Ngamiani. Pole, na hongera, maana mzazi anayeona mambo matatu namna hiyo na kuyatenganisha amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nafundisha kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili hapa Morogoro, masomo yangu ya elimu maalumu nilipatia chuo cha ualimu cha Patandi, na watoto ninaowafuata zaidi ni hao hao ambao wazazi wao huambiwa wasijichoshe. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Nianze na sinia, kwa sababu pale mwanao amesema jambo kubwa. Amepiga, limelia, ametulia. Mtoto asiye na tatizo angeendelea kupiga mpaka umnyang'anye, hapo baba yake kasema kweli. Lakini mtoto mwenye ulemavu mkubwa mara nyingi hawezi kusikiliza na kutikisika kwa wakati mmoja. Akisikiliza, mwili husimama. Kule kutulia ndiko kusikiliza kwenyewe. Cha kuangalia ni kitakachokuja baada ya utulivu, na hapo ndipo watu wazima tunapoharibu, kwa kuwa utulivu wake ni mrefu kuliko subira yetu. Tunasema amechoka, tunaondoa sinia, tunambeba. Safari ijayo liache palepale. Kaa ubavuni, usimsemeshe, usimguse. Ninao watoto darasani ambao kati ya teke na teke dakika nzima hupita, na lile la pili huja kwa makusudi kabisa: unaona mguu unajikusanya, unakosea, unarudi, unapiga.

Ndoo ni habari nyingine, usiichanganye na sinia. Pale anajua kwamba mlio ule hufuatwa na maji. Anakumbuka, anatazamia, na anafurahia kabla ya wakati. Mtu aliyekwambia hakuna la kufundishika hakuuona mguu ule ukinyooka. Ila katika ndoo yeye hafanyi, anafanyiwa. Kujua kwamba hiki huja baada ya kile ni hatua moja. Kujua kwamba hiki kimekuja kwa sababu yangu mimi ni hatua nyingine, na mtoto asiyeshika wala kutambaa anaweza kumaliza miaka bila kupata hata nafasi ya kuijua. Analishwa, anageuzwa, anavishwa, anaogeshwa, na alie asilie, uji unakuja saa yake. Mchana kutwa hakuna kitu kinachomngoja yeye.

Gari la betri sasa. Huo ni mtihani mgumu kuliko mnavyodhani. Jean Piaget, msomi wa Uswisi aliyewachunguza watoto wake mwenyewe watatu tangu wachanga, alimwona mwanawe Laurent akiwa na miezi michache tu akirusha mkono uliofungwa uzi ili vitu vilivyoning'inia juu yake vicheze. Mwaka 1975 huko Marekani, Ina Uzgiris na mwenzake Hunt wakatoa vipimo vya ukuaji wa akili ya kichanga vinavyofuata mpangilio huo wa Piaget, na vipimo hivyo hutumika pia kwa watoto wakubwa wenye ulemavu mkubwa wa akili. Humo, kurudia kitendo ili jambo tamu lijirudie huja mapema. Kumgusa mtu mkono ili afanye tena huja baadaye. Kuendesha mwenyewe kidude chenye mashine ndani huja nyuma kabisa. Fikiria mwenyewe: kitufe ni kidogo, kidole chake hakitii, taa inawaka upande mwingine, na muziki unaendelea hata akiwa ameshatoa mkono. Mtoto akishindwa pale, umejua tu kwamba gari lile halimfai kwa sasa.

Na kumshika mkono ukambonyezesha, nakuomba uache. Anachojifunza ni kwamba mama akinikamata mkono panatokea kelele. Mfanyaji ni wewe. Halafu mkono ndio jicho la mtoto asiyeona vizuri. Ukizoea kukamatwa, unajifunza kujificha. Lilli Nielsen, mama wa Kidenmaki aliyefanya kazi miaka mingi na watoto wasioona wenye ulemavu mwingine juu yake, alilisimamia jambo hili bila kulegea: tengeneza mahali ambapo mtoto hata akijitikisa kidogo kitu kitajibu, kisha wewe kaa kando na ufunge mdomo wakati anafanya. Alitengeneza kisanduku cha mtoto kulala ndani, vitu vimening'inia karibu na mikono yake, na havibadilishwi ovyo ili akirudi leo avikute palepale alipoviacha jana. Alitumia pia ubao mwembamba wa plaiwudi ulioinuliwa kidogo kwa fito pembeni, mtoto akilala juu yake kila anachopiga kinavuma mpaka mwilini. Fundi seremala yeyote wa mtaani anauweza, na kabla ya huo sinia lako linafanya kazi ileile.

Unauliza utajuaje. Mimi hutumia njuga, zile za ngoma, au visoda vilivyotobolewa na kushonwa imara kwenye kitambaa laini. Chagua mguu anaourusha akiwa ametulia. Usichague ule unaokakamaa wenyewe akishtuka, maana huo hauamrishi yeye na kelele yake itamtisha. Kwanza usifunge kitu, mtazame kama dakika 5, uhesabu mateke uandike. Kesho yake, saa ileile, mkeka uleule, mfunge njuga, uhesabu tena. Rudia hivyo siku kadhaa. Kisha siku moja zifungue, mguu ubaki mtupu, utazame.

Kuna mtego mmoja. Labda sauti ya njuga inamchangamsha tu, na mtoto aliyechangamka hurusha miguu. Ili ulitoe shaka hilo, siku nyingine mguu uwe mtupu na mtu akae pembeni azitikise njuga kwa nyakati zake mwenyewe, bila kufuata mateke. Akirusha sawasawa na siku zilizofungwa mguuni, ni uchangamfu. Akirusha zaidi zinapokuwa mguuni mwake, huyo ameanza kujua. Si utaratibu nilioubuni mimi. Carolyn Rovee-Collier wa Marekani alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kufunga utepe kati ya mguu wa kichanga na vitu vinavyoning'inia juu ya kitanda, na watoto wa miezi 2 na 3 wakaongeza mateke kwa sababu mateke yalileta kitu. Kwa hiyo ukiambiwa "akili ya miezi 3", jibu kwamba mtoto wa miezi 3 anajifunza jambo hili hili.

Mwisho kuhusu muda. Kabla hajafanya, ngoja sana. Akishafanya, jibu lije papo hapo. Utafiti mmoja wa mwaka 1971 ulichelewesha jibu kwa sekunde 3 tu baada ya kichanga kutoa sauti, na watoto wale hawakujifunza uhusiano wowote. Sekunde 3 ni zile unazotumia kufuta mikono ya unga kabla hujamgeukia.

BabaMapacha, asante kwa moyo wako. Tableti ninazo mbili kitengoni na wapo watoto zinaowafaa. Ila kioo hakielewi kiganja kilichokunjamana kikalalia juu yake, na huyu wa Tanga hana uhakika wa macho. Katuni ndiyo ninayoipinga waziwazi. Katuni inacheza, mtoto afanye asifanye. Mwaka 1972 John Watson alieleza majaribio yake na watoto wa wiki 8: kichwani wana mto, wakiubana kwa kichwa kidude kilicho juu yao kinazunguka, dakika 10 kila siku kwa majuma mawili. Wale ambao kidude kiliwajibu wakaongeza kukigeuza, na mama zao wakawaona wanakitabasamia na kukitolea sauti kama mtu. Wengine kidude kiliwazungukia chenyewe, wakawa watazamaji tu. Watoto wetu wana siku nyingi mno za kuwa watazamaji.

TibaMombasa amejibu:

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Mwalimu ameeleza vizuri, naongeza la mkao kwa kuwa bila huo yote yanaweza kupotea.

Mama, mtoto wako akilala chali huenda kichwa kinarudi nyuma na mikono inafunguka kwenda pembeni. Akiwa hivyo mikono yake haikutani, wala yeye haioni. Mlaze ubavu, mto chini ya kichwa, khanga iliyoviringishwa mgongoni ili asirudi chali, na nyingine katikati ya magoti. Mikono itakuja yenyewe mbele ya kifua. Hapo weka kitu kimoja chenye kujibu: kayamba, au mfuko wa nailoni unaochakarika uliojazwa na kushonewa ndani ya kitambaa.

Kiti pia. Hapa kwetu tunatengeneza viti vya maboksi na magazeti yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe, unabeba mtoto vizuri, na gharama ni unga na jasho. Kiti cha kona, ambacho mgongo wake umekunjwa kama kona ya ukuta, chenye meza mbele kinamshika kiuno na mabega, kichwa kinapata kazi nyepesi, na nguvu iliyokuwa ikienda kwenye kuzuia asianguke inabaki kwa ajili ya mkono.

Na ukimwona anageuza uso pembeni huku mkono unakwenda kwenye kitu, usimgeuze. Wengi ambao ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa hutazama kwanza, kisha hugeuka ndipo wafikie. Anakifuata kitu kile, ingawa macho yameondoka.

MamaNgamiani ameandika:

Nimerudi. Kwanza shukrani, Mwalimu, nimeusoma ujumbe wako nikamsomea na baba yake.

Njuga tulipata za mjomba wake anayecheza ngoma. Siku za kwanza nilihesabu mguu mtupu, mateke machache, ya hapa na pale. Nilipofunga, siku ya kwanza hakuna tofauti. Baadaye nikaona hiki: anapiga, anatulia muda mrefu kweli, nataka kuinuka, anapiga tena. Ikaendelea hivyo mpaka mateke yakawa mengi kuliko mwanzo. Siku tuliyozifungua alipiga mara moja, akanyamaza, akapiga kwa nguvu sana mfululizo, uso ukabadilika, akaanza kulia kile kilio cha kuudhika. Nikazifunga upesi. Nilimdhulumu?

Tatizo jingine ni nyumba yetu. Bibi yake akiona tu mguu umetikisika anapiga vigelegele, watoto wa jirani wanamtikisia njuga, kila mtu anataka asaidie. Sasa sijui anapiga kwa ajili ya njuga au kwa ajili ya bibi.

MwalimuWaKitengo amejibu:

Dada, soma tena ulichokiandika. Alipiga mara moja, akasikia hakuna, akapiga kwa nguvu zaidi. Viungo vinavyojirusha kwa maradhi haviongezi nguvu kwa sababu kengele imenyamaza. Ili mtoto akasirike kwamba kitu hakikutokea, ni lazima awe alitarajia kitokee, na alitarajia kutokana na mguu wake. Nimekuwa nikiwaambia wazazi wengi: mtoto anapopata hutajua sana, tazama anapokosa. Hukumdhulumu, na ulifanya vyema kuzirudisha. Jaribio hilo limetosha, usilirudie kila siku. Mtoto aliyezoea kwamba akifanya hapajibiwi huacha kufanya, na huyo kumwamsha tena ni kazi nzito kuliko kumfundisha kutoka mwanzo.

Andika kwenye daftari lake la kliniki kwa maneno hayohayo: njuga zikiwa mguuni anaongeza, zikitolewa anapiga kwa nguvu na kulia. Ukiulizwa, soma hapo. Usiandike "anaelewa", hilo kila mtu atalipima kwa kipimo chake.

Kuhusu bibi. Vigelegele vinatoka kwenye upendo na sitaki vizimwe. Ila bibi akipiga kigelegele sekunde ileile njuga inapolia, mtoto anapata majibu mawili kwa teke moja, na kelele ya bibi ndiyo kubwa. Tena anajibiwa hata mguu ukitikisika kwa bahati mbaya. Mgawanye: dakika za njuga ziwe za njuga, watu wakae mbali. Bibi apewe wakati wake mwenyewe, na kazi yake ni nzuri kuliko zote. Akae uso kwa uso na mjukuu, akaribie, asiseme kitu. Mjukuu akitoa sauti yoyote, hata ya kupumua kwa nguvu, bibi airudishe ileile mara moja. Kisha anyamaze, angoje. Uingereza, miaka ya 1980, walimu wa shule iliyokuwa katika hospitali ya Harperbury, wakiwemo Dave Hewett na Melanie Nind, walijenga njia nzima ya kufundishia juu ya jambo hili kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili ambao hawakuwa na lugha: mkubwa anamfuata mdogo, anamjibu kwa lugha ya mwili na sauti ya yule yule. Mtoto anagundua kwamba kuna mtu mzima anayeweza kumwendesha. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko njuga, kwa sababu njuga haitampa maji akiwa na kiu.

Kutoka hapo utaipanda ngazi ya ndoo. Umeshamfanya ajue mlio huleta maji. Sasa shika kikombe cha maji juu ya miguu yake, simama, usimwage. Ngoja. Akinyoosha mguu au akitoa sauti, mwaga palepale. Ikiwa hafanyi kitu na maji yanapoa, mwaga, msimkomoe, kesho ipo. Yale aliyokuwa akiyapokea tu, atakuwa anayaagiza.

Usibadilishe mguu wala sauti kwa sababu wewe umechoka nayo. Sisi ndio tunaochoka mapema. Yeye akianza kupunguza, hatulii tena kusikiliza, uso hauna habari, hapo ndipo uongeze kitu kipya, na kiwe kimoja.

Dawa za degedege huleta usingizi kwa watoto wengine, kwa hiyo tafuta saa yake ya kuwa macho. Wa kwangu mmoja ni saa 4 asubuhi, mwingine jioni tu. Na baada ya degedege usimjaribu kitu siku ile. Dozi usiiguse bila daktari hata ukiona anasinzia, mweleze yeye. Njuga zisiwe na kamba ndefu, zisifike mdomoni, na usimwache nazo peke yake.

FundiRedio amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimepita tu humu nikaona naweza kusaidia. Dada, lile gari la betri usilitupe. Kitufe kile kidogo tunaweza kukikwepa.

Kata vipande viwili vya boksi gumu, ukubwa wa sahani. Bandika karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, upande mmoja wa kila kipande. Katikati weka sponji nyembamba iliyotobolewa matundu mapana, alumini zitazamane kupitia matundu. Kila alumini iunganishe na waya wake. Mtoto akilalia mkono au akiweka mguu, alumini zinagusana. Akitoa, sponji inaziachanisha. Ukiona kiganja chake ni kizito chagua sponji ngumu kidogo, kama mkono hauna nguvu chagua laini.

Waya mbili hizo zipeleke kwenye betri. Chukua kikaratasi kigumu, bandika alumini pande zote mbili zisigusane pembeni, kila upande uungwe na waya mmoja, kisha kikaratasi kiingize kati ya betri na chuma chake. Washa kitu chako kiwe ON. Hakitafanya kazi mpaka mtoto abonyeze kile kisahani. Redio ndogo ya betri ndiyo bora: akibonyeza inaimba, akiachia inanyamaza palepale. Magari mengine yana saketi inayotaka kubonyezwa kitufe chake kila mara, hayo yatakataa.

Ni betri kavu tu, zile za volti 1.5. Usithubutu kuunganisha na umeme wa ukutani, chaja ya simu wala betri ya sola.

MwalimuWaKitengo amejibu:

Marahaba fundi, Mungu akubariki. Huko kunyamaza papo hapo akiachia ndiko ninakokutaka. Dada, ila kisahani kianze chini ya mguu uleule wa njuga, mkono usubiri.

MamaNgamiani ameandika:

Redio ipo, ya marehemu babu yake, bado inashika vizuri. Boksi nitapata dukani kwa jirani. Fundi, nina swali moja: huyu anatokwa na mate mengi, na mkeka huwa unaloa. Alumini ikilowa haitaharibika au kumpiga shoti?

FundiRedio amejibu:

Shoti hapana, betri mbili za redio hazina nguvu hiyo. Kuharibika ndiyo, sponji ikilowa itagusanisha alumini na redio itaimba yenyewe bila kubonyezwa, na hapo Mwalimu atakugombeza. Kisahani chote kitie ndani ya mfuko wa nailoni mzito, ukunje mdomo, ubane kwa selotepu pande zote, waya zitokee upande ulio mbali na uso wake. Juu yake vuta kipande cha kitenge ili kisiteleze. Kila jioni kifute, na mara moja kwa wiki fungua uangalie kama ndani kuna unyevu.